Mike Martin: Ushindi 2,029, Kombe Sifuri

Juni 19, 2019, mjini Omaha katika jimbo la Nebraska, timu ya besiboli ya Chuo Kikuu cha Florida State ilifungwa 4-1 na Texas Tech, ikafungasha virago. Kwa wafuatiliaji wa mchezo huo hapakuwa na ajabu, maana Florida State ilikwishafungasha virago Omaha mara nyingi. Ajabu ilikuwa moja: mzee wa miaka 75 aliyekuwa akitoka uwanjani na jezi namba 11 mgongoni hakuwa na msimu mwingine wa kujaribu tena. (Ndiyo, katika besiboli kocha huvaa jezi kama wachezaji wake, hata akiwa na mvi na kitambi.)

Mzee huyo ni Mike Martin, kocha mkuu wa Florida State tangu mwaka 1980. Katika misimu 40 alishinda michezo 2,029, akafungwa 736 na kutoka sare 4. Hakuna kocha mwingine wa besiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, wa kabla yake wala wa zama zake, aliyefika hapo. Timu yake haikukosa mashindano ya kitaifa hata mwaka mmoja, wala haikuwahi kumaliza msimu na ushindi pungufu ya 40. Aliipeleka Omaha, kwenye hatua ya mwisho ya ubingwa wa taifa, mara 17. Kombe hakuligusa.

Kwa kawaida habari yake husimuliwa kama msiba. Siioni hivyo, ingawa pia sitaki kujifanya kwamba kombe halina maana. Mashabiki wa Arsenal wanaosoma ukurasa huu wanaujua mjadala wenyewe. Arsène Wenger aliwapa msimu mzima bila kufungwa, akakaa miaka 22, akaondoka bila Kombe la Ulaya baada ya kulala 2-1 mbele ya Barcelona mwaka 2006. Tofauti ni kwamba Wenger alikuwa na mataji ya ligi ya kuonyesha mezani. Martin alikuwa akiulizwa swali hilo hilo kila Juni, kwa karibu miaka 40, na kila mwandishi wa habari aliuliza kana kwamba ndiye wa kwanza kuligundua.

Nianze na mchezo wenyewe. Vijana wa Lugazi, Uganda, ambao mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania, wanaweza kuruka aya hii. Pia wanafunzi wa Azania pale Dar es Salaam, waliofundishwa besiboli na Wajapani. Kwa wengine: mrushaji anatupa mpira mdogo mgumu, mpigaji mwenye gongo anajaribu kuupiga, kisha anakimbia kuzunguka vituo vinne. Akirudi alikoanzia, timu yake inahesabiwa alama moja. Mrushaji akishindwa kuupitisha mpira mara nne ndani ya eneo halali, na mpigaji asipodanganyika kuufuata, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure, anatembea tu kwenda kusimama. Kitu hicho kidogo, kutembea bure, kina nafasi kubwa katika habari ya Martin. Mchezo una vipindi tisa na hauna saa. Timu inayoongoza kwa alama saba haiwezi kupoteza muda kwa kulalia majani kama golikipa wa ligi yetu. Lazima itafute mtu wa mwisho wa kumtoa.

Besiboli ya vyuo huanza katikati ya Februari na kwenda hadi Juni. Kila timu hucheza michezo isiyozidi 56 ya kawaida, mara nyingi mitatu mwishoni mwa wiki dhidi ya mpinzani mmoja na mwingine katikati ya wiki, huku wachezaji wakiendelea na masomo na mitihani. Kisha timu 64 huchaguliwa kwenda mashindano ya kitaifa. Hugawanywa katika vituo 16 vya timu nne nne, washindi hukutana wawili wawili, na nane zinazobaki huenda Omaha, mji ambao umekuwa mwenyeji tangu mwaka 1950. Ukifungwa mara moja hujatoka bado, ila ukifungwa mara mbili safari imekwisha. Kwa kijana wa chuo, Omaha ndiyo Makka ya besiboli, na neno lenyewe huandikwa kwenye kuta za vyumba vya kubadilishia nguo kuanzia Florida hadi California.

Martin alizaliwa Februari 12, 1944, Gastonia, mji wa viwanda vya nguo katika Carolina ya Kaskazini. Alisoma kwanza Wingate, kisha akahamia Florida State, Tallahassee, akawa mchezaji wa uwanja wa kati wa nyuma. Mwaka 1965 alicheza Omaha akiwa mwanafunzi. Baada ya hapo alijaribu bahati katika ligi ndogo za kulipwa, chini ya klabu za Mets na Tigers, lakini hakufika ligi kuu. Kwa hiyo akafanya kilichofanywa na maelfu ya wachezaji wa aina yake: akarudi kufundisha. Kwa muda alifundisha mpira wa kikapu katika chuo cha kati cha Tallahassee. Mwaka 1975 akajiunga na benchi la ufundi la besiboli la chuo chake cha zamani kama msaidizi.

Ukocha mkuu aliupata kwa sababu mtu mwingine aliitwa kwenye kazi kubwa zaidi. Mwaka 1979 timu ya Florida State ilikuwa chini ya Dick Howser, mwana wa chuo hicho aliyekuwa amecheza ligi kuu kwa miaka kadhaa. Howser alikaa msimu mmoja tu. New York Yankees wakamwita kuwa kocha wao, naye akaenda, na mwaka uliofuata akashinda nao michezo 103. Mwaka 1985 akiwa na Kansas City Royals alitwaa ubingwa wa dunia. Miaka miwili baadaye alifariki kwa uvimbe wa ubongo. Uwanja wa Tallahassee unaitwa kwa jina lake hadi leo, na tangu 2005 eneo la kuchezea ndani yake linaitwa kwa jina la Martin. Kwa hiyo kwenye uwanja mmoja yamekaa majina mawili: la aliyepita kwa msimu mmoja akaenda kuchukua ubingwa mkubwa kuliko wote, na la aliyebaki miaka 40.

Kubaki. Nadhani hapo ndipo penye kazi halisi ya kocha wa chuo, na ndipo tunapokosea tunapompima kama kocha wa klabu. Kocha wa klabu akiwa na mshambuliaji hodari atakuwa naye miaka sita, saba, akipenda na fedha zikiwepo. Kocha wa chuo kila mwaka anaagana na wakubwa wake. Sheria za besiboli ya Marekani zinaruhusu klabu za kulipwa kumchukua mwanafunzi wa chuo cha miaka minne akishamaliza mwaka wa tatu au akifikisha miaka 21, kwa hiyo aliye bora huondoka akiwa ndiyo kwanza ameiva. Wapo pia wanaochukuliwa moja kwa moja kutoka sekondari, baada ya kocha kukaa sebuleni kwa wazazi wao, kunywa chai yao na kuahidiwa kwamba kijana atakuja. Julai simu inalia, kijana amesaini na klabu, na nafasi aliyotunziwa inabaki wazi.

Halafu kuna hesabu ya fedha. Kwa miaka mingi ya kazi ya Martin timu ya besiboli iliruhusiwa ufadhili wa masomo 11.7, desimali hiyo si kosa la uchapaji, na kocha aliugawa kwa wachezaji hadi 27. Huyu anapewa nusu ada, yule robo, mwingine ahadi tu. Katika mpira wa miguu wa Kimarekani, chuo hicho hicho kilikuwa na ufadhili kamili 85. Kocha wa besiboli alihitaji kuwa mwalimu wa hesabu kwanza, kisha mshenga, na ndipo awe mtaalamu wa kurusha mpira.

Katika mazingira hayo, kushinda michezo 40 mwaka mmoja ni kazi nzuri. Kushinda 40 au zaidi kwa miaka 40 mfululizo ni jambo ambalo sijui mfano wake katika michezo mingine ya vyuo. Watoto waliozaliwa mwaka Martin alipoanza walikua, wakaja kumchezea, wakahitimu, wakaoa, na yeye bado alikuwa palepale karibu na kituo cha tatu akiwapa wakimbiaji ishara.

Alifanyaje? Ukizisoma takwimu za timu zake kitu kimoja kinajirudia: wapigaji wenye subira. Wachezaji wa Florida State walifundishwa kutoushobokea mpira usio wao. Walisubiri, wakamchosha mrushaji, wakamlazimisha kurusha mingi, wakatembea bure kwenda kituo cha kwanza, mmoja baada ya mwingine. Mwaka baada ya mwaka walikuwa miongoni mwa timu zilizotembea sana nchini. Si mchezo wa kuvutia macho. Lakini mrushaji wa umri wa miaka 19, mbele ya mashabiki wa Tallahassee, hupoteza uvumilivu mapema.

Na mashabiki hao si wa kukaa kimya. Kuna kundi la jukwaa moja la uwanja wa Howser linalojiita Wanyama wa Sehemu B. Kazi yao ni kumsumbua mgeni kwa kelele na nyimbo, na katikati ya kipindi cha tano husimama wote kuimba wimbo wa taifa wa Kanada. Timu haina uhusiano na Kanada. Ilianza kama mzaha ikawa ibada, kama mambo mengi ya viwanjani. Katikati ya vurugu hiyo Martin mwenyewe alikuwa mtu wa kanisa, mwenye lafudhi ya Carolina, ambaye hata akikasirikia mwamuzi alikwepa matusi.

Wachezaji aliowapitisha mikononi mwake ni orodha ndefu, nami nitataja wachache ambao hadithi zao zinaonyesha kazi ilivyokuwa. Deion Sanders, ambaye dunia inamjua kwa mpira wa miguu wa Kimarekani, alimchezea Martin besiboli na wakati huohuo akikimbia riadha. Mwaka 1997 J.D. Drew alikuwa mchezaji wa kwanza wa vyuo kupiga mipira zaidi ya 30 ya kuvuka uzio na kuiba zaidi ya vituo 30 katika msimu mmoja. Mei 9, 1999, Marshall McDougall alisimama kupiga mara saba dhidi ya Maryland na kufanikiwa mara zote saba, sita kati ya hizo zikivuka uzio. Alileta alama 16 peke yake. Florida State ilishinda 26-2, na sitashangaa kama mwandishi wa matokeo aliulizwa mara mbili na mhariri wake.

Buster Posey ndiye mfano ninaoupenda. Alifika Tallahassee akicheza nafasi ya kati ya kituo cha pili na cha tatu. Mwaka wake wa pili benchi la ufundi la Martin likamwambia avae vifaa vya kudaka, akakae nyuma ya mpigaji, kazi ya kuchuchumaa mchezo mzima na kupokea mipira ya mwendo mkali kwa mkono mmoja. Kwa kijana aliyekuwa tayari nyota hilo lilikuwa ombi zito. Akakubali. Mei 12, 2008, dhidi ya Savannah State, alicheza nafasi zote tisa katika mchezo mmoja, kurusha kukiwemo, na katikati ya hayo akapiga mpira wa kuvuka uzio wakati vituo vyote vikiwa na watu. Mwaka huo alitangazwa mchezaji bora wa vyuo, San Francisco Giants wakamchukua, na akiwa mdakaji wao wakatwaa ubingwa wa dunia mara tatu: 2010, 2012 na 2014. Mwanafunzi ana pete tatu. Mwalimu aliyemweka nyuma ya mpigaji hakuwa na hata moja ya ubingwa wa taifa.

Basi turudi Omaha. Kiu ya chuo hicho ilimtangulia Martin. Mwaka 1970, kabla hata hajawa msaidizi, Florida State ilifika fainali ikafungwa 2-1 na Southern California katika mchezo uliohitaji vipindi 15. Mara mbili Martin naye alifika mchezo wa mwisho. Mwaka 1986 alikuwa na kikosi kilichoshinda michezo 61, na mrushaji wake Mike Loynd alikuwa bora nchini. Arizona ikawafunga 10-2. Mwaka 1999, msimu wa McDougall, wapinzani kwenye fainali walikuwa watani wa jadi, Miami. Ikaisha 6-5. McDougall alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano, na kombe likaenda kwa jirani.

Jirani wa karibu zaidi alimfanya aonekane mnyonge bila kukusudia. Katika chuo hicho hicho kocha wa mpira wa miguu wa Kimarekani alikuwa Bobby Bowden, naye kwa miaka alisemwa kwamba hana ubingwa, kwamba anafungwa na Miami kwa mateke yaliyopita pembeni ya goli. Mwaka 1993 Bowden akaupata, na msimu wa 1999 akaurudia. Martin akabaki peke yake na swali.

Je, lilikuwa swali la haki? Nilikaa na kalamu. Omaha huenda timu nane. Tuseme zote zina nafasi sawa, kila moja ina nafasi moja kati ya nane. Ukienda mara 17, nafasi ya kurudi mikono mitupu mara zote ni takriban 10 kwa 100. Ni bahati mbaya, lakini si muujiza wala laana. Tupa makocha kumi wa kiwango hicho katika hali hiyo, na mmoja wao atakuwa Mike Martin. Besiboli ni mchezo unaomtesa aliye bora. Hata bingwa wa ligi kuu ya kulipwa hufungwa michezo mingi kwa mwaka, na anayehitaji kushinda michezo minne mfululizo, akiwa na nafasi ya 6 kwa 10 katika kila mmoja, atafaulu mara 13 tu kati ya 100. Ndiyo sababu msimu mrefu hutuambia nani ana timu, na Omaha hutuambia nani alikuwa na wiki nzuri.

Lakini hesabu hiyo haimwoshi kabisa, na mpenzi wa Martin anayeng'ang'ania bahati tu anakwepa jambo. Kuna makocha ambao walifika Omaha wakajua kushinda huko. Rod Dedeaux wa Southern California alibeba makombe 11, matano kati yake mfululizo kuanzia 1970 hadi 1974. Skip Bertman wa Louisiana State alifundisha misimu 18 tu, akashinda michezo 870, chini ya nusu ya Martin, na akabeba makombe matano. Bahati haimwangukii mtu mmoja mara tano.

Maoni yangu ni haya: mbinu iliyompa Martin michezo 50 kila mwaka ndiyo iliyomwangusha Juni. Subira ya wapigaji hulipa dhidi ya mrushaji wa kawaida anayekosea. Omaha hakuna wa kawaida. Hapo unakutana na vijana ambao mwezi uleule wanachaguliwa na klabu za kulipwa, wanaopitisha mpira ndani ya eneo halali tangu mwanzo, na anayesubiri zawadi hurudi kuketi na gongo begani. Angalia safari yake ya mwisho. Florida State ilicheza michezo mitatu Omaha mwaka 2019: ikaifunga Arkansas 1-0, ikafungwa na Michigan 2-0, ikafungwa na Texas Tech 4-1. Alama mbili katika vipindi 27.

Hata hivyo kufika huko tu mwaka ule kulikuwa kioja. Msimu uliotangulia, 2018, walikuwa wenyeji wa kituo cha mchujo wakatolewa nyumbani, na pigo la mwisho likiwa mpira wa Mississippi State uliovuka uzio wakati Florida State imebakiza mtu mmoja wa kumtoa. Martin akatangaza kwamba atarudi mara moja tu. Msimu huo wa kuaga ukaenda vibaya, kiasi kwamba hadi siku ya uteuzi hapakuwa na uhakika kama jina la timu litasomwa. Likasomwa. Wakatumwa Athens, Georgia, ugenini, wakashinda. Wakatumwa Baton Rouge, kwa Louisiana State, mahali ambapo wageni wachache hutoka salama, wakashinda michezo yote miwili, wa pili ukihitaji vipindi 12. Mzee wa miaka 75 akabebwa na watoto wa miaka 20 hadi Omaha kwa mara ya 17.

Kabla ya hapo alikuwa amevuka alama mbili ambazo wengi huzitaja pamoja, ingawa kwangu hazifanani. Mei 5, 2018, kwa kuifunga Clemson, alifikisha ushindi wa 1,976 na kumpita Augie Garrido, kocha wa Cal State Fullerton na Texas aliyekuwa na makombe matano. Garrido alikuwa amefariki Machi ya mwaka huohuo, chini ya miezi miwili kabla rekodi yake haijavunjwa. Kisha Machi 9, 2019, dhidi ya Virginia Tech, ukaja ushindi wa 2,000, wa kwanza kwa kocha yeyote wa besiboli ya vyuo. Namba ya 2,000 ndiyo iliyopewa keki na picha. Ya Clemson ndiyo iliyokuwa na uzito, kwa sababu ilimwondoa mtu juu ya ngazi akiwa hayupo kupeana mkono.

Kilichofuata baada ya kustaafu kwake kinasema zaidi kuliko sherehe zozote. Chuo kilimpa timu mwanawe, Mike Martin Jr., aliyekuwa msaidizi wa baba kwa miaka zaidi ya 20. Msimu wake wa kwanza ulikatishwa na korona. Baada ya msimu wa 2022 akaachishwa, ingawa alikuwa amefika mashindano ya kitaifa misimu yote miwili iliyokamilika. Nafasi ikaenda kwa Link Jarrett, aliyemchezea Martin mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ambaye alikuwa ametoka kuipeleka Notre Dame Omaha. Na mwaka 2023, kwa mara ya kwanza tangu 1977, jina la Florida State halikusomwa siku ya uteuzi. Walishinda michezo 23. Kile ambacho watu wa Tallahassee walikuwa wamekizoea kama jua kuchomoza kilihitaji miaka minne tu ya kutokuwepo mtu mmoja ili kianguke.

Martin alifariki Februari 1, 2024, baada ya kuugua maradhi yanayoharibu kumbukumbu, zikiwa zimebaki siku 11 atimize miaka 80. Wachezaji wake wa zamani, waliokuwa wakimwita kwa namba ya jezi yake badala ya jina, bila shaka waliiona hiyo hesabu. Wiki mbili hivi baadaye msimu ukaanza, na timu ya Jarrett, ile iliyokuwa hoi mwaka uliopita, ikafika Omaha. Ikafungwa na Tennessee mara mbili, ya kwanza 12-11 kwa pigo la mwisho, na Tennessee ikaenda kubeba kombe. Hiyo ilikuwa safari ya 24 ya Florida State. Hakuna chuo kingine kilichokwenda mara nyingi hivyo bila ubingwa.

Tangu hapo mchezo wenyewe umebadilika. Mchezaji sasa anaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu, vyuo vinaruhusiwa kumlipa, na baada ya maridhiano ya mahakamani ya mwaka 2025 ule ufadhili wa 11.7 umefutwa, badala yake kikosi kina kikomo cha wachezaji 34. Kocha wa leo anasajili kikosi kipya karibu kila kiangazi, na wenye fedha za chuo wanataka matokeo kabla ya mkataba kukauka wino. Makombe yataendelea kutolewa, moja kila mwaka, na siku moja huenda Florida State italipata. Rekodi ya Martin ni suala jingine. Kocha atakayeanza kazi leo akiwa na miaka 35, umri aliokuwa nao Martin alipokabidhiwa timu, akashinda michezo 50 kila mwaka bila kukosa hata mwaka mmoja, atamfikia katika msimu wake wa 41.